Shingo Isiyotakata

Nilipokuwa darasa la saba, mama alirudi kuniogesha kama mtoto mchanga. Nilikuwa msichana mkubwa, nimempita yeye kwa urefu, nimeshaanza kuvaa sidiria, lakini kila Jumapili jioni aliniketisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu pale Makutano, Meru, akaniinamisha kichwa, akaanza kunisugua shingo. Mwanzo alitumia sabuni ya kipande. Ilipomshinda alileta ndimu na magadi, yale yale tunayolainishia mahindi na maharagwe ya githeri. Nayo yaliposhindwa, alikata kipande cha gunia. Mwishowe alishika jiwe la kusugulia nyayo.

"Vumilia," alikuwa akiniambia. "Inatoka. Naiona ikitoka."

Haikuwa ikitoka. Nyuma ya shingo yangu palikuwa na ukanda mweusi, mnene kuliko ngozi nyingine, wenye mikunjo midogo midogo. Ukiupapasa ulikuwa laini kama mahameli. Ulizunguka hadi chini ya masikio. Makwapani hali ilikuwa ile ile, ila huko hakuna aliyeona. Sikumbuki ulianza lini hasa. Nakumbuka tu kwamba mwanzo ulikuwa kama kivuli, na kivuli kile kikawa kinakolea kila muhula.

Jumatatu asubuhi shuleni kulikuwa na ukaguzi wa usafi. Tulisimama kwa mistari, baridi ya mlimani ikituuma magoti, na mwalimu wa zamu akapita nyuma yetu akitazama kola, kucha na shingo. Siku moja alinifikia akasimama.

"Wewe, kwenu hakuna maji?"

"Yako, mwalimu."

"Basi ni wewe huyapendi. Nenda kwa mfereji ujioshe hiyo shingo. Tutakungoja."

Shule nzima ilinitazama nikienda. Nilijiosha mpaka maji yakanishuka mgongoni, nikarudi na kola iliyolowa na shingo ile ile. Mwalimu alitikisa kichwa, akaendelea na mstari. Wenzangu walikuwa na jina la utani walilonipa kwa sababu ya unene wangu. Kuanzia siku hiyo walinipa la pili, la uchafu. Sitayaandika hapa, kwa kuwa waliokuwa wakiniita hivyo sasa ni watu wazima kama mimi na wengine ni marafiki zangu.

Mnene nilikuwa, hilo si uongo. Mama alikuwa na kibanda cha chipsi karibu na steji, mahali ambapo magari ya kwenda Maua na Nanyuki yalijaza abiria. Nikitoka shule nilipitia pale. Alinijazia sahani kabla sijaweka mkoba chini, akanifungulia soda, akanitazama nikila kama mtu anayetazama shamba lake limestawi. Mama alikulia kwenye nyumba ya watoto wengi na kipande kidogo cha shamba, na kuna mwaka wa kiangazi alioupita akiwa mdogo ambao hakupenda kuuzungumzia. Aliwahi kuniambia jambo moja tu kuuhusu, kwamba usiku walikuwa wakifunga tumbo kwa leso ili wapate usingizi. Kwake yeye mtoto aliyenona alikuwa jibu. Wanawake sokoni walinifinya mashavu wakamwambia, "Huyu umemlea," na mama alitembea siku nzima na sifa hiyo.

Baba alikuwa fundi wa umeme kwenye bwawa la Kiambere, kule Mbeere alikozaliwa. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, na hakuja mikono mitupu. Alileta kreti ya soda, mikate mirefu, na asali ya kwao. Nyumbani chai ilikuwa ya maziwa matupu, na sukari ilitiwa mpaka kijiko kikawa kinazungukia kwenye mashapo. Hakuna mtu kwetu aliyeona ubaya wowote. Huo ndio uliokuwa uzuri wenyewe.

Mama naye wakati huo alikuwa na kiu isiyoisha. Alikuwa na kibuyu cha maji chini ya meza ya kibanda, akikijaza na kukijaza tena, na alisema ni joto la karai la mafuta. Tulimwamini. Nani asingekuwa na kiu akisimama juu ya karai siku nzima?

Likizo ya Aprili tulikwenda Embu kumtembelea shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuwa na duka la nguo za shule. Jumapili iliyotangulia safari, mama alikuwa amenisugua kwa jiwe kwa bidii kuliko siku zote, kwa sababu hakutaka wifi yake aone shingo ile akasema Wameru hawaogeshi watoto. Tulipofika Embu, ngozi ilikuwa imechubuka, na siku ya pili ikaanza kutoa maji. Nilikaa mezani na kitambaa shingoni, nikijifanya nina baridi.

Shangazi hakuwa mtu wa kuzungushwa. Alikivuta kitambaa.

"Ngai! Nani amekufanyia hivi?"

Mama ndiye aliyejibu, macho chini.

"Ni uchafu umegoma kutoka. Nilikuwa nasafisha."

"Wifi, hii umesafisha mpaka nyama. Kesho asubuhi tunaenda hospitali, na usiniambie habari ya gari la kurudi Meru."

Ndivyo tulivyofika kliniki ya watoto, kwa sababu ya kidonda na si kwa sababu nyingine. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, wa umri wa mama, mwenye sauti ya chini. Muuguzi alinisafisha kidonda na kukifunga. Nilidhani tumemaliza. Lakini daktari alivuta kiti karibu nami, akaomba ruhusa yangu kwanza, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kuhusu shingo ile, kisha akapapasa ngozi iliyo kando ya bandeji kwa vidole viwili.

"Na makwapani iko?"

Niliitikia kwa kichwa. Nilishangaa alivyojua.

Alimgeukia mama. "Mama, ulikuwa unasugua kwa kitu gani?"

Mama alitaja vyote, kuanzia sabuni hadi jiwe. Alivitaja kwa haraka, kama mtu anayetubu kanisani. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkemea.

"Pole," alisema. "Poleni wote wawili. Huu si uchafu. Hata ungesugua mwaka mzima usingetoka, kwa sababu hautoki nje. Unatoka ndani."

Kisha akatueleza. Nimesikia maelezo mengi tangu siku hiyo, na mengine nimeyasoma mwenyewe, lakini yale ya kwake ndiyo ninayotumia hata leo ninapoulizwa. Alisema chakula tunachokula, hasa cha wanga na cha sukari, huishia kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo inatakiwa iingie kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili ikatumike. Lakini haiingii tu yenyewe. Kuna kitu kinachotengenezwa na kongosho, kinaitwa insulini, na kazi yake ni kubisha hodi ili sukari ikaribishwe ndani.

"Sasa mwili wa huyu msichana umekuwa mzito wa kusikia hodi," alisema. "Insulini inabisha, mlango haufunguliwi upesi. Kongosho ikiona hivyo inatuma insulini nyingi zaidi, zibishe kwa nguvu. Mlango unafunguliwa, ndiyo, lakini kwa taabu. Na insulini ikizidi mwilini, ngozi ya shingo na makwapa inakua haraka, inakuwa nene na nyeusi. Hiyo shingo ilikuwa inatuambia jambo. Ni vile tu hatukujua lugha yake."

"Ana sukari?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Bado sijui. Ndiyo maana nataka mje kesho kabla hajala chochote, tumtoe damu. Watoto wengi wenye shingo kama hii hawajafika kwa ugonjwa wa sukari. Lakini wakiachwa tu, kongosho inaweza kuchoka." Akachukua futi ya kitambaa, kama ile ya fundi cherehani, akanipima kiuno. Akanipima uzito, urefu na presha. Akiwa anaandika, akauliza bila kuinua kichwa, "Kwenu kuna mtu mwenye sukari?"

Mama alitazama bandeji yangu.

"Mama yangu. Alikatwa mguu. Halafu hakukaa sana."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimtazama mama kwa muda, midomo yake iliyokauka, na chupa ya maji aliyokuwa ameishika mapajani.

"Mama, na wewe unaamka usiku kwenda choo?"

"Kila mtu anaamka."

"Mara nyingi?"

Mama alicheka kidogo, kicheko cha aibu. "Nikinywa maji mengi nitaacha kuamka?"

"Nipe kidole," daktari alisema.

Nakumbuka kile kimashine kidogo na tone la damu lililoonekana jeusi chini ya taa ya hospitali. Daktari alisoma namba, akafuta kidole kingine, akachoma tena. Mara ya pili uso wake haukuonyesha chochote, lakini alisogeza kiti chake kutoka kwangu akakaa mbele ya mama, magoti yakikaribia kugusana. Alimwambia polepole kwamba sukari yake iko juu sana, kwamba kesho watahakikisha kwa kipimo kamili, na kwamba inawezekana amekaa nayo kwa muda mrefu.

"Mimi nimeleta mtoto," mama alisema.

"Ndiyo. Na mtoto naye amekuleta wewe."

Siku ya pili majibu yalitoka. Yangu yalikuwa ya katikati. Sukari ilikuwa imepanda kuliko inavyotakiwa lakini haijafika kwenye ugonjwa, na mafuta ya kwenye damu hayakuwa mazuri. Ya mama hayakuwa na shaka. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na alianzishiwa vidonge siku hiyo hiyo.

Jioni ile shangazi alitupikia, kisha akatuachia jiko akaenda kufunga duka. Mama alikaa na kikombe cha chai mkononi bila kunywa. Alinivuta nikakaa karibu naye, akanishika kidevu, akaigeuza shingo yangu kwenye mwanga wa dirisha. Alizungumza Kimeru, kama afanyavyo hata leo jambo likimgusa.

"Nilikuwa nasugua ugonjwa kama sufuria," alisema. "Na wewe hukulia hata siku moja."

Nilimwambia nililia, ila alikuwa mgongoni mwangu na hakuona. Nilisema bila kumlaumu, lakini ndipo alipoanza kulia yeye, kichwa chake begani kwangu, na mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi. Niliiweka mgongoni kwake.

Daktari alikuwa ametupa maagizo kwa mdomo na kwa mikono. Alichora duara mezani kwa kidole, akasema hiyo ni sahani. Nusu iwe mboga za majani. Robo iwe ugali au nduma au ndizi. Robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, yai au nyama. Soda ikae dukani. Chai ipunguzwe sukari mpaka ulimi uizoee. Nilale mapema. Nitafute mchezo ninaoupenda, nisilazimishwe ule nisioupenda. Kisha akasema neno ambalo mama alilirudia nyumbani mara nyingi mpaka likawa kama methali yetu: "Mtoto habadiliki peke yake, sufuria ni moja." Alimwonya pia kwamba nisinyimwe chakula, nisichekwe, na nisipimwe uzito kila kukicha. "Bado anakua," alisema. "Akirefuka bila kuongeza uzito, tayari tumeshinda."

Baba alipokuja mwisho wa mwezi na kreti yake, alimkuta mama akichambua mboga za terere na managu uani. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama.

"Madaktari wanapenda kutisha watu," alisema. "Huyu mtoto ana afya. Mwangalie."

"Nimemwangalia," mama alijibu. "Na mimi je, unaniona nina afya?"

"Wewe ni mzima kabisa."

"Nina sukari. Kama mama."

Baba alikuwa amemuuguza mama mkwe wake. Alikuwa amembeba mgongoni baada ya mguu kukatwa. Alikaa kwenye ngazi, kreti ikabaki katikati ya ua, na hakuna aliyeigusa mpaka asubuhi, alipoibeba mwenyewe akaipeleka kibandani ikauzwe kwa wasafiri. Mwezi uliofuata alileta ndengu na kunde kutoka Mbeere, na mtama wa uji.

Nisidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Wiki za kwanza nilikuwa na hasira na kila kitu. Chai iliyopunguzwa sukari ilikuwa kama maji yaliyosuuzia sufuria ya maziwa. Mama alikuwa anapika chipsi mchana kutwa kwa ajili ya wengine, na harufu ile ilinifuata mpaka kwenye daftari zangu. Yeye pia ilimfuata. Siku moja nilimkuta amesimama na chipsi moja kati ya vidole, akiitazama. Aliniona, akacheka, akaikata katikati, tukala nusu nusu. Daktari hakusema tusionje milele.

Kibanda hatukukifunga, kwa kuwa ndicho kilichotulisha. Lakini mama alianza kuweka sufuria ya githeri pembeni, yenye karoti na majani ya kunde, na asubuhi akawa anachemsha nduma na viazi vitamu. Mwanzo alipika kwa ajili yetu wawili. Kisha dereva mmoja wa lori la mbao akaomba, na siku ya pili akaja na wenzake. Ikawa sufuria ya githeri inamalizika kabla ya karai.

Tulianza pia kutembea. Kabla jua halijapanda tulishuka hadi soko la Gakoromone kununua mboga, mama akiwa amevaa raba za baba zilizojazwa karatasi mbele, na leso kiunoni. Mwanzo alisimama kila mahali kupumua akisingizia kusalimia watu. Sasa nacheka, lakini wakati ule nilikuwa nashukuru kila alipomwona mtu anayemjua, kwa sababu na mimi kifua kilikuwa kinawaka. Baada ya muda tukawa tunarudi kwa miguu pia, kupanda mlima, mzigo tukipokezana. Ndipo nilipomfahamu mama. Njiani alinieleza mambo ambayo asingeyasema nyumbani, hata ule mwaka wa kiangazi.

Muhula wa pili ulipofunguliwa nilikuwa na hofu moja tu, gwaride la Jumatatu. Kidonda kilikuwa kimepona, lakini ukanda ulikuwa pale pale. Daktari alisema utachukua muda mrefu kufifia, na huenda usiishe kabisa. Sikumwambia mama hofu yangu. Aliijua. Siku ya kufungua alivaa gauni lake la kanisa na kitambaa cha kichwa, akanisindikiza mpaka ofisi ya walimu, akamwomba mwalimu wa zamu atoke nje kidogo.

"Mwalimu," alisema, "sijakuja kugombana."

"Karibu, mama."

"Shingo ya huyu mtoto si uchafu. Ni ugonjwa wa ndani, unaletwa na insulini. Tumetoka hospitali ya Embu. Nimekuja kukuomba usimtume tena kwa mfereji."

Mwalimu alinitazama, akamtazama mama. Alikuwa mtu mkali, na nilitarajia ajitetee. Alikunja mikono, akaikunjua.

"Sikujua," alisema.

"Hata mimi sikujua, na mimi ni mama yake. Wewe ulimtuma kwa maji. Mimi nilimsugua kwa jiwe."

Baadaye, wakati wa mapumziko, mwalimu aliniita kando ya uwanja. Nilidhani ataniomba msamaha, jambo ambalo lingetuaibisha sote. Aliniuliza tu kama kuna wengine shuleni niliowaona wenye shingo kama yangu. Nilimtajia msichana wa darasa la sita na mvulana wa darasa la nane. Wazazi wao waliitwa. Ukaguzi uliendelea kila Jumatatu, lakini mwalimu aliangalia kucha na kola, na macho yake hayakupanda tena juu ya kola ya mtu.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyefundisha netiboli. Nilikuwa sijawahi kucheza mchezo wowote wa timu. Kwenye kati, mchezo wetu wa mpira wa karatasi na soksi, mimi ndiye niliyepigwa wa kwanza kila siku, kwa kuwa hakuna aliyeweza kunikosa. Lakini nilikuwa mrefu, na mikono yangu ilikuwa na nguvu za kubeba magunia ya viazi ya mama. Mwalimu alinisimamisha chini ya goli la nyuma.

"Kazi yako ni moja," alisema. "Mpira usipite. Hukimbizwi na mtu. Inua mikono tu."

Niliinua mikono. Mpira wa kwanza ulinipiga usoni, wa pili ukapita. Wa tatu niliudaka, na sauti ya ule mpira ukitua viganjani sijaisahau. Mchezaji mwenzangu, mmoja wa wale wenye midomo mirefu, alipiga kelele, "Hapo! Kaa hapo hapo!" Nilikaa hapo mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Niligundua kwamba kusimama nako ni kuruka na kukimbia kwa namna yake, na jasho lilinitoka bila mimi kulihesabu kama adhabu.

Tulirudi Embu kila baada ya miezi michache. Daktari alifurahia vitu ambavyo mimi sikuviona. Uzito wangu haukushuka sana, na mara ya kwanza nilipoliona hilo nilitaka kulia, lakini alinisimamisha ukutani kwenye kipimo cha urefu akanionyesha nilivyorefuka. Futi ya kiunoni ilikuwa imerudi nyuma. Ziara iliyofuata sukari yangu ilikuwa imeshuka mahali pake. "Mwili umeanza kusikia hodi," alisema, na mama akapiga makofi pale ndani ya chumba cha daktari kama yuko kanisani. Yake pia ilikuwa imeshuka. Vidonge aliendelea navyo, na anaendelea navyo mpaka sasa, lakini ile kiu iliondoka, na miguu yake yote miwili ipo. Kila jioni anaikagua, kidole kwa kidole, kama alivyofundishwa.

Shingo ilififia polepole sana. Sikuona siku ilipoanza. Shangazi ndiye aliyesema, akinipima sare ya sekondari dukani kwake, "Kola hii ukiifungua kifungo kimoja itakupendeza." Nilikuwa nimezoea kufunga vifungo vyote. Nilifungua kimoja nikajitazama kwenye kioo. Kivuli kilikuwepo bado, na mpaka leo nikizembea miezi kadhaa, kazi ikinizidi na chakula kikawa cha barabarani, kinarudi kukolea. Sikichukii. Kinaniambia mapema, na mimi najua la kufanya.

Likizo kabla ya kuingia kidato cha kwanza nilikwenda Kiambere kwa baba, nikakaa na shosho yangu wa kule, mama yake baba. Kule chini ni nchi ya joto na miiba, tofauti kabisa na kwetu juu. Tulikula uji wa mtama, kunde na muthokoi wa mahindi yaliyotwangwa, na tuliteka maji mbali. Jumamosi moja baba alinichukua tupande mlima wa Kiambere, akanionyeshe bwawa analofanyia kazi kutoka juu. Alitangulia kwa mbwembwe, akinionyesha njia za utotoni mwake. Kabla ya nusu ya mlima mbwembwe zilikuwa zimeisha. Alisimama, mkono kiunoni, shati limemganda tumboni.

"Kimbia tu, mimi nakuja," alisema.

Nilimngojea kivulini. Alipofika, tulipanda pamoja kwa mwendo wake, mpaka juu kabisa, na Tana ikaonekana, bwawa limetanda kati ya vilima, la kijani kibichi. Alikaa juu ya jiwe, akahema kwa muda mrefu. Nilimpa maji.

"Hukuchoka?" aliuliza.

"Kidogo."

Alinitazama kama mtu anayemwona upya mtu aliyemzoea. Kisha akatazama tumbo lake, akalipiga kofi jepesi.

"Huyo daktari wenu wa Embu," alisema, "ni wa watoto peke yao?"

"Alimpima mama."

"Na mimi anaweza kunipima?"

Nilimwambia anaweza, au atamwonyesha anayeweza. Aliitikia kwa kichwa polepole, akaniomba maji tena. Tulikaa pale mpaka upepo ukamkausha shati, kisha tukaanza kushuka. Wiki hiyo aliomba ruhusa kazini, na safari hii tulikwenda Embu sote watatu.